Siha na Ridhaa ya Moyo

Katiba ya Shirika la Afya Ulimwenguni, iliyoanza kutumika tarehe 7 Aprili 1948, yaieleza afya kuwa ni hali ya ustawi kamili wa kimwili, kiakili na kijamii, wala si kukosa maradhi tu. Ni kauli adhimu. Ila ukamilifu huo ukifanywa mizani, sijui ni nani hapa Kisangani, tangu Makiso hadi Lubunga ng'ambo ya mto, atakayethubutu kujiita mzima.

Penye maporomoko ya mwisho ya Boyoma, wavuvi wa Kiwagenia huchomeka miti mirefu katika mashimo ya mwamba, wakaifunga kwa kamba za porini, kisha hutundika madema makubwa yaliyoelekeza midomo yake kwenye mkondo. Mtu awezaye kupanda jukwaa lile katikati ya kishindo cha maji, akainua dema na kuwalisha wanawe, nani atamwambia kuwa hana siha, hata kama goti lamwuma na mgongo umepinda? Naipenda mizani hii, kwani yaupima mwili kwa amana uliyokabidhiwa.

Lakini ina ila kubwa. Maji yaendayo kasi ndiyo mazalio ya usubi, nzi mdogo mweusi aumaye mchana, ambaye hupenyeza vijidudu vya minyoo mwilini mwa binadamu. Na mnyoo mzazi huishi chini ya ngozi miaka 10 au zaidi, akizaa wana wasiohesabika, ngozi ikawasha usiku kucha, miguu ikatoka mabaka meupe, hata mwisho kioo cha jicho kikaingia ukungu. Kijijini ambamo wengi hujikuna, kujikuna hakuitwi tena ugonjwa, na mtu aliyesahau usingizi mwema hujibu kwa moyo safi kwamba yu mzima. Moyo wake tuusadiki, lakini ngozi yake tuichunguze. Maana ridhaa ya mtu asiyepata kuonja hali bora si ushahidi wa siha. Tangu 1987 dawa ya ivermektini hutolewa bure na watengenezaji wake kwa ajili ya maradhi haya, nayo yapasa kumezwa kila mwaka, miaka mingi mfululizo, kwa kuwa huua wana bali haimwui mzazi. Anayeacha kuifikisha kwa hoja kwamba wenyeji hawalalamiki, huyo amedhulumu.

Wako wamwambiao mgonjwa astahimili tu. Nabii Ayubu, mfano wa subira kwa Wakristo na kwa Waislamu, hakunyamaza: alimlilia Mola wake kwa madhara yaliyompata, na katika Kurani akaamriwa kupiga ardhi kwa mguu wake, pakawa na maji baridi ya kuoga na kunywa. Kuitaka shifaa hakukumpunguzia subira hata chembe. Basi mkazi wa ukingo wa mto Tshopo amshukuruye Mungu kwa nguvu alizo nazo, na papo hapo akadai kwa sauti kuu vidonge vyake vya mwaka huu, simwoni kuwa amekufuru neema.