Mali na Matunzo Yake

Bei ya kitu hulipwa mara moja, lakini matunzo yake hulipwa maisha. Hesabu ya kwanza watu huijua kabla ya kununua. Ya pili aghalabu huijua baadaye, wakati majuto hayasaidii tena. Kati ya hesabu hizi mbili limo swali la kale: je, mtu aweza kuitwa mwenye mali ikiwa hana uwezo wa kuitunza? Na kama hawezi, wajibu wake ni upi: kujinyima ili aitunze, kuiuza, au kuiacha iharibike?

Swali hili huonekana wazi katika kitu kidogo kiwezacho kufichwa ndani ya kiganja, nacho ni saa ya zamani ya thamani. Kiswahili kina neno moja kwa kipimo cha wakati na kwa chombo kinachokipima. Vyote viwili ni saa. Lakini wakati hupita bure, na chombo hakiendi bure. Saa ya mkono ya kamani, iliyotengenezwa Uswisi miaka sitini au sabini iliyopita, aghalabu hupiga mara 5 kwa sekunde, yaani mara 18,000 kwa saa moja na mara 432,000 kwa siku. Kwa mwaka mapigo yake huzidi milioni 157. Ncha za magurudumu yake, nyembamba mithili ya unywele, huzunguka ndani ya vito vilivyotiwa mafuta chini ya tone. Miaka hupita, mafuta hukauka, na vumbi huingia. Saa ikiendelea kwenda katika hali hiyo, ncha huanza kulika kimya kimya, na mwenyewe hana habari, maana akrabu bado zinazunguka.

Kwa sababu hiyo saa ya namna hii hutaka kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta kila baada ya miaka michache. Kwa saa za fahari ujira wa kazi hiyo huhesabiwa kwa mamia ya dola, na kipuri kilichokwisha kutengenezwa zamani hutafutwa katika saa nyingine mbovu, au huchongwa upya kwa mkono. Wahenga walisema akiba haiozi. Walakini akiba ya namna hii huoza, nayo huoza ikiwa mkononi.

Na uchukuliwe mfano wa mkulima wa Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru. Miongoni mwa Waluguru ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, na neno la mjomba ni zito. Tuseme mjomba wake alifanya kazi mbali na kwao, akarudi na saa ya dhahabu, na alipofariki saa ikamwangukia mpwa. Mpwa hulima kabichi, karoti na viazi, na mazao yake hushuka Morogoro na Dar es Salaam. Saa imeanza kuchelewa. Fundi aiwezaye ataka malipo yatakayomeza fedha ya mbegu, mbolea na mahitaji ya shule ya watoto. Mzee wa ukoo asema, “Itengeneze, ni heshima ya marehemu.” Jirani asema, “Iuze, ule.” Rafiki asema, “Ivae hivyo hivyo, nani atajua?”

Shauri la mzee si la kudharauliwa. Hakuna mahali panapojua thamani ya matunzo kuliko Mgeta. Miteremko yake ni mikali mno, na wakulima wake wamezoea kuilima kwa ngazi, wakifukia majani na mabua katika udongo ili uwe na rutuba. Kazi hiyo haina mwisho. Mvua hubomoa, jembe hujenga. Atakayekaa msimu mmoja bila kutengeneza ataona udongo wake ukienda mtoni. Usipoziba ufa utajenga ukuta: methali hiyo pale mlimani si pambo la maneno, ni kanuni ya kuishi.

Lakini milima hiyo hiyo ina ushahidi mwingine. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi katika Uluguru, na watu wakalazimishwa kuchimba matuta mapana ya kuzuia mmomonyoko. Nia ilikuwa kuhifadhi udongo, na nia hiyo haikuwa mbaya. Hata hivyo kazi ilikuwa nzito, na mara nyingi udongo wa chini usio na rutuba uliletwa juu, mavuno yasilingane na jasho. Mwezi wa Julai 1955 palitokea ghasia huko Matombo, upande wa mashariki wa milima. Mtu mmoja aliuawa, na baada ya hapo mpango ukaachwa. Ngazi zilizomlisha mkulima alizitunza bila kuamriwa. Matuta yaliyomla aliyakataa. Matunzo ni wema yanapomlisha mtunzaji, au anapoyachagua mwenyewe akijua gharama yake. Yanapomla bila hiari yake ni utumwa, hata kama kitu kinachotunzwa ni chema. Kikulacho ki nguoni mwako. Yamkini kimefungwa katika kifundo cha mkono.

Yawezekana kusemwa kwamba hoja hii ni kinga ya wavivu. Jibu lake liko Unguja. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilikuwa fahari ya pwani nzima, na mnara wake wa saa ulionekana na kila aliyeingia bandarini. Mwaka 2012 sehemu yake ilianguka. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi ya matengenezo ikiendelea, upande mkubwa wa jumba uliporomoka pamoja na mnara, na watu wawili wakafa. Fahari iliyodhoofika haikumwangukia aliyeijenga; iliwaangukia wengine. Basi pako pahali ambapo kutunza si hiari: ni pale ambapo uchakavu wa mali huweza kumdhuru asiyekuwa mwenye mali.

Saa ya mjomba haiko katika daraja hilo. Ikisimama, haimwangukii mtu. Wala haihitajiwi ili kujua wakati, kwani tangu Seiko ya Japani ilipotoa saa ya kwanza ya mkono ya kwozi mwaka 1969, saa ya bei ndogo sokoni huweza kuishinda saa ya dhahabu kwa usahihi. Basi anayelipa ili itengenezwe halipii wakati. Hulipia kumbukumbu, au uzuri, au kutazamwa. Kumbukumbu ina haki. Uzuri una haki. Kutazamwa hakuna haki yoyote juu ya chakula cha mtoto. Na hata zile haki mbili za kwanza ni za kungoja. Marehemu anaweza kungoja; njaa haingoji.

Shauri la rafiki ndilo baya kuliko yote, ingawa halina gharama. Kuivaa saa iliyokauka ni kuitumia heshima ya marehemu mpaka iishe. Shauri la jirani si dhambi: kuuza kwa ridhaa ya ukoo, na kwa haja ya kweli, ni kuikabidhi kwa awezaye. Lakini liko shauri la nne, nalo ni kuipumzisha. Saa isiyokwenda hailiki ncha zake. Adui atakayebaki ni unyevu, na Mgeta ina ukungu mwingi. Basi kitambaa safi, kopo lenye kifuniko na mahali pakavu ndiyo matunzo yatoshayo kwa sasa. Hayo mkulima anayamudu.

Kuipumzisha si kushindwa. Ni kukiri uwezo wake ulipofika, na kukiri huko ni heshima kuliko kujionyesha. Mwaka wa mavuno mema ukija, fundi atafuatwa. Usipokuja, mtoto wa dada yake atarithi saa iliyolala, si saa iliyokufa. Mwenye mali wa kweli ni yule ambaye mali yake, iwe inakwenda au imesimama, haikumgharimu mtu mwingine chakula chake.