Nani Atabaki na Mgonjwa?

Somo la wiki: Luka 10:25-37



Jumapili moja mwaka jana tulimwita dada mmoja mbele. Ni nesi, na alikuwa amehudumu miaka tisa katika hospitali ya umma, mingi ya hiyo kwenye wodi ya watoto wachanga. Viza ya Uingereza ilikuwa imetoka. Kanisa lilisimama, kina mama wakapiga vigelegele, na mimi ndiye nilishika maikrofoni. Niliomba kwamba mlango ambao Mungu ameufungua, mwanadamu yeyote asiufunge. Mkasema amina, na ilikuwa amina kubwa.

Haikuisha miezi miwili, nikapigiwa simu usiku. Mama mmoja wa kanisa letu alikuwa amejifungua kabla ya wakati. Nilifika hospitalini nikapata mtoto amewekwa kwenye mashine ya joto, na nesi ni mmoja kwa watoto kumi na wanne. Alikuwa anatoka kwa huyu akienda kwa yule, karibu akimbie. Mtoto wetu aliishi, tunamshukuru Mungu. Wa kitanda cha pili hakufika asubuhi. Mimi si daktari, siwezi kusema alikufa kwa sababu hakukuwa na mikono ya kutosha. Lakini kulipokucha nilimuuliza yule nesi, "Sista, mbona uko peke yako?" Akanijibu bila hasira, "Pasta, si mwenzangu mlimuombea akaenda?"

Jibu hilo limenikalia moyoni mpaka leo. Ndiyo maana wiki hii nataka tufikirie pamoja swali ambalo madhabahuni huwa tunaliruka: daktari au nesi anayeondoka Kenya, je, anatenda dhambi? Na sisi tunaomshangilia?

Mnajua nilisomea biashara kabla ya kuitwa, kwa hivyo nianze na hesabu. Mwaka wa 2006 watafiti walikadiria gharama ya kumsomesha daktari mmoja Mkenya tangu shule ya msingi mpaka amalize chuo kikuu. Walipata karibu dola 66,000. Kwa nesi, karibu dola 43,000. Pesa hizo si za mzazi peke yake. Mama mboga anayelipa ushuru kila akinunua sabuni amechangia. Halafu daktari akishaiva, nchi tajiri inamchukua bila kumlipia hata darasa la kwanza. Kwa lugha ya biashara, sisi tumeweka mtaji na mwingine anavuna faida. Hata mataifa ya dunia yaliliona hilo. Mwaka wa 2010, kupitia Shirika la Afya Duniani, yalikubaliana kwamba nchi zisiende kusaka wahudumu katika nchi zenye uhaba mkubwa. Lakini mwongozo huo ni wa hiari, na mambo ya hiari mnajua huwa yanaishia wapi.

Kwa hivyo anayelalamika kwamba tunaachwa hakosi hoja. Deni lipo.

Sasa tugeuze ukurasa tuone upande wa pili. Mwaka wa 2001 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kenya haijafika hapo. Mwaka wa 2013 madaktari walitia saini mkataba na serikali. Haukutekelezwa, na kuanzia Desemba 2016 wakagoma siku 100. Mwaka wa 2024 wakagoma tena siku 56, na moja ya hoja ilikuwa madaktari wanagenzi: mkataba ulisema shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikasema ina 70,000. Tena tuna manesi waliosoma na kufaulu ambao wako nyumbani bila kazi, huku wodi zikilia kwa kukosa watu. Julai 2021 serikali yetu yenyewe ilitia saini makubaliano na Uingereza ili manesi wasio na ajira wapate kazi huko.

Sasa niambie, nani alimwacha mgonjwa kwanza? Mimi nashindwa kumnyooshea yule dada kidole. Na niseme ukweli wangu, kwa sababu mimbari si mahali pa kujificha: mimi mwenyewe nimejaza ile bahati nasibu ya viza ya Marekani mara tatu. Ningeshinda, mngeniombea, na ningeenda.

Nilirudi kwenye mfano wa Msamaria mwema nikitafuta msaada, nikaona kitu ambacho sijawahi kukihubiri. Siku zote tunasema kuhani na Mlawi walipita, Msamaria akakaa. Lakini soma vizuri. Msamaria naye aliondoka, tena kesho yake asubuhi. Alikuwa na safari yake, na Yesu hamlaumu kwa kuwa na safari. Wote watatu waliondoka. Tofauti ni kwamba Msamaria hakuondoka kabla ya kuhakikisha kuna mtu wa kubaki na mgonjwa. Alimkabidhi kwa mwenye nyumba ya wageni, akatoa denari mbili, akaahidi kwamba gharama ikizidi atailipa akirudi.

Hapo ndipo naona kipimo chetu. Kuondoka peke yake si dhambi. Kuondoka bila kuuliza nani atabaki na mgonjwa, hapo ndipo tunafanana na Mlawi. Na swali hilo halimhusu anayesafiri peke yake.

Mtu ataniambia, "Pasta, lakini wanatuma pesa." Ni kweli, na pesa hizo zimejengea wazazi nyumba na kulipa karo. Hiyo ni heshima kwa baba na mama. Lakini tusijidanganye: pesa ya kwa mama haiingii wodini. Denari za Msamaria hazikwenda kwao. Zilienda kwa yule mtu aliyelala na majeraha.

Tena mwangalie mwenye nyumba ya wageni. Huyo ndiye aliyebaki, na alilipwa kwanza. Msamaria hakumwambia, "Ndugu, hii kazi ni wito, fanya tu Mungu atakulipa." Sisi tumelitumia sana hilo neno wito kuwanyamazisha manesi. Mimi pia nina wito, lakini mwenye nyumba yangu anataka kodi kila tarehe tano.

Wapendwa, tufanye nini basi? Kwanza, tutaendelea kuwaombea wanaosafiri, lakini kabla ya maombi tutakaa nao na kuuliza: umemwachia nani kazi? Umemfundisha? Wadi uliyotoka utaikumbuka vipi, na utarudi lini, hata kama ni kwa wiki mbili za likizo uje kufundisha wengine? Pili, kaunti ikiita wananchi kutoa maoni juu ya bajeti, twende. Ukumbi hujaa watu wa barabara na wa soko, na ni haki yao. Nani atasimama aulize mwaka huu tunaajiri manesi wangapi, na mishahara ya walioko italipwa tarehe gani? Afya iko mikononi mwa kaunti, na kaunti ni jirani yetu.

Tatu, nimekumbuka kitu kikanitia aibu. Tangu nianze kuhudumu hapa, tumewaita mbele watu wengi waliopata viza. Hatujawahi hata siku moja kumwita mbele nesi aliyebaki.

Juzi nilimpigia simu yule dada yetu huko Uingereza, nikamweleza habari ya usiku ule. Alinyamaza kwa muda mrefu, nikadhani mtandao umepotea. Kisha akauliza, "Huyo mtoto ana kilo ngapi sasa?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Ulizia, uniambie. Na unipe namba ya huyo sista." Sasa wanaongea kila wiki.

Jumapili ijayo, baada ya ibada ya pili, tutawaita mbele wahudumu wa afya wote walio kati yetu ambao wiki hiyo wanarudi kazini hapa hapa. Kama una jirani nesi, hata kama si wa kanisa letu, mlete. Akiwa zamu ya usiku, tutamngoja.