Huu Si Mkono Wako

Mwezi Juni mpwa wangu, mwanachuo wa mwaka wa kwanza mjini Bukoba, alirudishiwa insha bila alama. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, mkufunzi ameandika: "Huu si mkono wako." Alipokwenda ofisini kuuliza, ilitolewa insha yake ya Machi, zikawekwa mezani sambamba. Aliyeandika ile, akaambiwa, hawezi kuandika hii.

Alizileta zote mbili nyumbani Muleba. "Mjomba, soma mwenyewe." Ya Machi ilianza na "Hapo zamani za kale", ingawa mada ilikuwa kilimo cha kahawa. Ya Juni ilianza na bibi akigeuza kahawa ya maganda juani, akijua kwamba magunia mawili yana mwenyewe tayari, kwa sababu aliyauza butura tangu mibuni inachanua. Kisha ikauliza: mtu akiuza kisichoiva bado, ameuza nini? Nilikuwa nimemwona akiiandika upya mara ya tatu kwa tochi ya simu, umeme umekatika.

Kukua ni nini? Tusipoteze muda: ni kuweza leo kisichowezekana jana. Kozi ya uandishi hupokea ada kwa ahadi hiyo. Hapa ahadi ilitimia, ikaitwa wizi.

Najua zipo programu zinazotunga insha kwa dakika moja, na mkufunzi ana haki ya kushuku. Najua pia madaftari ni mengi na macho ni mawili. Nayakubali yote. Kinachonikosesha usingizi ni kauli ya jirani yangu, mwalimu mstaafu, nilipomsimulia: "Mwandishi huzaliwa. Kipaji hakisomewi."

Kama ni hivyo, chuo kinasahihisha nini? Kinatoa alama za kuzaliwa? Hakuna anayesema mwashi huzaliwa. Mwashi tuliuona ukuta wake wa kwanza uliopinda, tukauona na wa leo. Mwandishi kuta zake zilizopinda huzichana, nasi tunaonyeshwa nyumba iliyokwisha kupakwa rangi, tukadhani iliota usiku. Tena kauli hiyo haishindiki: aliyeweza alizaliwa na kipaji, aliyeshindwa hakuzaliwa nacho. Ila aliyeshindwa Machi akaweza Juni hana pa kuwekwa, ndiyo maana lazima aitwe mwongo. Na huwa ni nani? Mtoto aliyekulia kwenye nyumba yenye rafu ya vitabu akiandika vizuri husifiwa kipaji. Aliyekulia kwenye kibanja cha migomba, akisema Kihaya mpaka alipoanza shule, huulizwa amenakili wapi. Jirani yangu ni mtu mwema, lakini kauli yake imefungia watoto wengi mlango.

Nikiwaza haya akili hunipeleka Rubya, hapa hapa Muleba, kwenye seminari aliyosoma mwandishi Aniceti Kitereza kutoka Ukerewe. Huko alijifunza Kilatini, lugha ambayo haikubali sentensi ipite bila kufunguliwa viungo vyake kimoja kimoja. Napenda kumfikiria kijana yule na sentensi zake mezani kama saa iliyofunguliwa. Riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka aliimaliza mwaka 1945, akiwa na umri wa karibu miaka hamsini, kwa Kikerewe. Ilipokosa mchapishaji, aliiandika tena yeye mwenyewe kwa Kiswahili, ikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Alifariki mwaka 1981. Kitabu kimoja, lugha mbili, mtu mmoja. Mkono wake ni upi kati ya hiyo miwili? Na Kilatini cha Rubya kimo katika upi? Naamini kimo katika yote miwili, pasipoonekana, kama mbolea ya mwaka juzi ndani ya mkungu.

Lakini hapo ndipo nami ninapokwama. Kama mkono hubadilika kiasi hicho, kwa kipi tutamtambua mwenyewe? Nimezisoma insha zile mbili mara nyingi, nikitafuta alama moja inayovuka kutoka Machi hadi Juni. Nimepata kitu kidogo: katika zote mbili bibi yupo. Machi ametajwa mara moja tu, karibu na mwisho, kisha akaachwa.

Wiki ijayo mpwa wangu ataandika insha nyingine ofisini, mbele ya mkufunzi, kwa saa moja, kwenye karatasi atakayopewa. Jana jioni aliniuliza: "Mjomba, niandike kama wa Machi, au kama wa Juni?" Sijamjibu.