Haki ya kumtazama mnyama wa porini

Kabla ya nauli, gari na siku ya kuondoka, safari ya kwenda kutazama mnyama wa porini ina swali la maadili: je, mnyama huyo yupo kwa ajili ya kutazamwa? Jibu la swali hili ndilo linaloamua msafiri aende wapi, asogee umbali gani, na ahesabu kwa kipimo gani kwamba safari imefanikiwa. Katika Afrika Mashariki hakuna mnyama anayelikazia swali hili zaidi kuliko nguva, kwa kuwa wapo wachache wanaotamani kumwona na wachache zaidi waliowahi kumwona.

Nguva wa Bahari ya Hindi ni ndugu wa manatii, wanaoishi Afrika Magharibi, katika bonde la Amazon na pwani za Marekani na Karibiani. Wote ni mamalia wala majani wasiotoka majini. Nguva hula nyasi za baharini, hupanda juu kuvuta pumzi kila baada ya dakika chache, na jike huzaa mtoto mmoja tu kisha hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Akinaswa na wavu wa jarife hufa maji, kwa sababu hawezi kufika juu. Tanzania imebakiwa na wachache sana, hasa kati ya delta ya Rufiji, Mafia na Kilwa, na nguva wa Afrika Mashariki kwa jumla wamo ukingoni mwa kutoweka. Ukoo huu umekwisha kupoteza mmoja wake: nguva mkubwa wa bahari ya kaskazini, aliyeelezwa na mtaalamu Georg Steller mwaka 1741, alikuwa amemalizwa na wawindaji kufikia 1768.

Mtu mwenye shauku ya kumwona mnyama wa ukoo huu ana njia mbili. Anaweza kwenda Crystal River, Florida, ambako wageni huogelea karibu na manatii. Lakini ni katika jimbo hilohilo ambako mwaka 2021 walikufa manatii zaidi ya 1,000, wengi wao kwa njaa baada ya nyasi za majini kuharibika. Anaweza pia kukodi boti Rufiji na kuwasaka nguva waliobaki. Safari hiyo ina uwezekano mkubwa wa kutoona kitu, na nguva akionekana, huenda ikamfukuza mama mwenye mtoto kutoka malishoni mwake.

Iko njia ya tatu, nayo inapita bara. Tembo na pimbi ndio ndugu wa karibu wa nguva walio nchi kavu. Katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye eneo la kilomita za mraba 3,230, tembo huonekana wakilisha katika uwanda wa Mkata. Katika mabwawa ya hifadhi hiyo wamo viboko, ambao kwa nasaba wako karibu zaidi na nyangumi kuliko nguva, lakini wanafanana na nguva kwa kuwa wazito, wala majani na wapenda maji. Mikumi inafikika kwa barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Iringa, na Kilosa, mji wa karibu ulio makao makuu ya wilaya, uko kwenye reli ya kati. Urahisi huo haulifuti swali la mwanzo. Unalihamishia mahali ambapo wanyama wanaonekana kila siku, na ambapo ni rahisi kudhani kwamba wamewekwa hapo kwa ajili ya mgeni.

Jibu mojawapo katika historia ya Tanzania lilikuwa la uchumi lililochanganyika na maadili. Katika tamko la Arusha la Septemba 1961 kuhusu uhifadhi, Julius Nyerere alieleza kuwa wanyamapori ni chanzo cha mshangao na pia sehemu ya rasilimali za taifa, na kwamba watu wa Tanganyika wamekabidhiwa jukumu la kuwatunza kwa ajili ya wajukuu. Inasimuliwa pia kwamba yeye mwenyewe hakuwa na hamu ya kupitisha likizo akitazama mamba, ila aliunga mkono wabaki hai. Msimamo huo una uzito zaidi wa kifalsafa kuliko unavyodhaniwa. Asiyependa kumtazama mamba anaweza bado kuwa na wajibu kwake, na hivyo wajibu huo hauwezi kuwa umetokana na raha ya macho.

Uislamu unalifikia jambo hili kwa njia ya amana. Katika Sura al-An'am, aya ya 38, wanyama na ndege wanahesabiwa kuwa umma kama binadamu. Hadithi mashuhuri inamtaja mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka hadi akafa njaa, na nyingine inamtaja mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Kesi ya nguva inazidisha ugumu. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao, mnyama wa baharini kwa kawaida ni halali kuliwa. Hata hivyo, uhalali wa kula hauruhusu israfu wala ufisadi katika nchi, na kummaliza kiumbe kizazi chake chote ni ufisadi. Hoja za namna hii ziliwahi kufanyiwa kazi katika kisiwa cha Misali, Pemba, ambako tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 mafunzo ya dini yalitumika kuwaeleza wavuvi sababu za kuhifadhi miamba na samaki.

Ukristo una mvutano wake. Mwanzo 1:28 inampa binadamu mamlaka juu ya viumbe, na kwa muda mrefu wengi waliisoma kama ruhusa isiyo na masharti. Mwanzo 2:15 inamweka mtu bustanini ailime na kuitunza. Waraka Laudato Si' wa Papa Francis, wa mwaka 2015, ulikazia usomaji huu wa pili. Sehemu inayomhusu zaidi mtazamaji wa wanyama ni kitabu cha Ayubu, sura ya 39 hadi 41. Humo Mungu anamwonyesha Ayubu wanyama wasiomtumikia mtu, wakiwemo mbuzi-mwitu wanaozaa mahali pasipofikiwa, na yule mnyama mkubwa mla majani alalaye majini, ambaye wafasiri wengi wamemtambua kuwa kiboko. Hoja ni kwamba Muumba anawafurahia viumbe ambao binadamu hana faida nao wala hawaoni.

Wanafalsafa wa Ulaya waligawanyika. Immanuel Kant alishikilia kuwa ukatili kwa mnyama ni mbaya kwa sababu unamfanya mtu awe mkatili kwa watu. Jeremy Bentham, katika kitabu kilichotoka 1789, aliweka kipimo katika uwezo wa kiumbe kuumia. Kwa Kant, msafiri anaangalia tabia yake mwenyewe; kwa Bentham, anaangalia hofu na maumivu ya mnyama. Utu, kama unavyoeleweka katika jamii za Afrika Mashariki, unabeba yote mawili, kwani aliye mkatili kwa asiyeweza kujitetea huhesabika kuwa amepungukiwa utu.

Mikondo hii inatofautiana katika asili ya wajibu lakini inakutana katika jambo moja: thamani ya mnyama haitegemei jicho la anayemtazama. Hapo kinapatikana kipimo cha safari. Safari iliyopangwa vizuri ni ile ambayo ingebaki njema hata kama mnyama hakuonekana. Yule ambaye asipomwona tembo huona amedhulumiwa tayari amemgeuza tembo kuwa bidhaa aliyoilipia, na dereva wake atabanwa aache njia na kumkaribia mnyama kupita kiasi.

Mtu anaweza kupinga: kama thamani haitegemei kuonwa, kwa nini kwenda kabisa? Majibu ni mawili. Kwanza, dini zenyewe zinahimiza kutazama uumbaji na kuuzingatia; Qur'ani inamwelekeza mtu atafakari jinsi ngamia alivyoumbwa. Pili, mnyama asiye na wa kumtetea huuawa kimyakimya. Katika mfumo wa ikolojia wa Pori la Akiba la Selous na Mikumi, sensa ya 2009 ilikadiria tembo wapatao 39,000. Ile ya 2013 ilikadiria takriban 13,000, na sababu kubwa ilikuwa ujangili wa meno ya tembo. Viingilio vya wageni husaidia kuwalipa askari wa hifadhi. Kutazama kuna haki yake, ila ni haki yenye masharti.

Sharti la kwanza ni umbali na utulivu: kubaki garini na kwenye njia, kutopiga honi, kutolisha nyani, na kuondoka mnyama anapoanza kubadili mwenendo. La pili ni mwendo. Barabara kuu inakata hifadhi kwa takriban kilomita 50, na wanyama hugongwa. Faini hutozwa kwa anayegonga, lakini kulipa hakumaanishi kwamba deni la maadili limekwisha. Anayekimbia ili awahi kuwaona wanyama huku akihatarisha maisha yao anajipinga mwenyewe.

Sharti la tatu linahusu majirani. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, wanyamapori ni mali ya umma iliyo chini ya Rais kama mdhamini. Tembo huyo wa umma ndiye anayeingia shambani kwa mkulima wa Kilosa na kumaliza mahindi kwa usiku mmoja. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa, na malipo hayo hayakukusudiwa kuwa fidia kamili ya hasara. Kwa hiyo gharama ya kuwa na tembo inamwelemea anayeishi nao, wakati raha ya kuwaona inamwendea anayepita. Haki inamtaka mpitaji arudishe sehemu ya mzigo huo: anunue chakula, malazi na huduma kwa wenyeji, na asiwahukumu kuwa maadui wa wanyama wanapolalamika.

Masharti haya yanamhusu pia anayebaki na hamu ya nguva. Kwa mnyama aliyebaki kwa uchache kiasi hicho, njia bora ya kumheshimu ni kutomfuata, na kusaidia nyasi za baharini na wavuvi wanaokubali kuacha jarife. Macho yanaweza kutosheka na ndugu yake wa Mikumi.