Muulize Kwa Nini Sungura Alidanganya

Hapa Makongeni mtoto anaweza kusoma ukurasa mzima bila kukwama, lakini ukimuuliza kilichotokea, anabaki kukutazama. Sauti imetoka, hadithi haijaingia. Kuanzia 2015, mradi wa Tusome ulipeleka vitabu vya Kiswahili na Kiingereza katika madarasa ya chini ya shule za umma. Lakini vitabu pekee havitoshi: nyumbani panahitajika maswali.

Jioni, ugali ukiwa jikoni, mwache akusomee hadithi, tuseme ya sungura na fisi. Msimamishe kabla ya mwisho: unadhani sungura atafanya nini? Mbona alimdanganya fisi? Akijibu kwa Sheng, mpokee, maana ameelewa. Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kuuliza, na naamini swali lake lina uzito uleule. Kitabu kikikosekana, hapo jirani Kaloleni kuna maktaba ya umma. Mpeleke.