Shuka Kerio, Kisha Upande

Asubuhi na mapema barabara za Iten ni za wakimbiaji. Wanapita makundi kwa makundi, viatu vikipiga lami kwa mdundo mmoja, na madereva wa matatu wanawapisha bila manung'uniko kwa sababu mji mzima unajua wanachokitafuta. Mimi huwapisha pia. Kisha nageuza baiskeli kuelekea mashariki, pale ardhi inapokatika ghafla na Bonde la Kerio linapojitandaza chini likiwa limejifunika ukungu mwepesi. Ng'ambo ya bonde imesimama Milima ya Tugen. Katikati, mahali ambapo jicho halijafika bado, Mto Kerio unakwenda zake kaskazini kulitafuta Ziwa Turkana.

Ndugu yangu mwenye baiskeli, nataka ushuke humo. Na hili ndilo zito zaidi: nataka upande utoke humo kwa miguu yako mwenyewe.

Njia ninayoisema ni ile ya lami inayotoka Iten, ikapita Tambach na Biretwo, ikavuka mto penye daraja la Chebloch, kisha ikapanda hadi Kabarnet. Ni kama kilomita 55. Iten iko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukifika mtoni umeshapoteza zaidi ya mita 1,000. Kabarnet inakusubiri kwenye mita 2,000 hivi. Ukitaka kulala Iten siku hiyohiyo, hesabu inaanza upya. Kwangu mimi hakuna barabara Kenya nzima inayompima mwendesha baiskeli kwa haki kama hii. Ukishuka, lazima upande. Mteremko unakukopesha mwendo bila kukuuliza jina, na deni lake hulipwa kwa jasho, mita kwa mita, upande wa pili.

Watu wengi huuogopa mlima na kuupuuza mteremko. Nakusihi uuheshimu mteremko kwanza. Kona za Tambach zimejikunja, malori hupanda polepole yakichukua nafasi kubwa, na mbuzi huvuka bila kutazama. Bana breki kabla ya kona, si ukiwa ndani yake. Bana, achia, bana, achia. Ukizishikilia moja kwa moja rimu hupata moto, na rimu yenye moto yaweza kupasua tyubu ukiwa kwenye mwendo ambao hutaki kuanguka nao. Macho yatazame unakotaka kufika, si shimo unaloliogopa, maana baiskeli huyafuata macho. Vidole vikichoka, tafuta mahali pa wazi kando ya barabara, simama, vinyooshe. Hakuna anayekufukuza.

Na unaposhuka, sikia hewa inavyobadilika. Iten uliondoka na koti. Tambach zipu imefunguka. Biretwo koti limefungwa kiunoni, migunga imeanza, na joto linapanda kutoka kwenye lami hadi usoni. Msimu wa maembe ukiwa umefika, kina mama huyapanga kando ya barabara yakang'aa kwa mbali. Nunua. Kula pale pale, juisi ikutiririke hadi viwikoni, jaza chupa zako, kwa sababu bondeni mwili unapoteza maji haraka kuliko kiu inavyokwambia.

Somo hilo nililipata kwa shida. Mara yangu ya kwanza nilishuka kwa furaha hadi mtoni, nikageuza bila kujaza maji. Jua la saa saba lilinikuta chini kidogo ya Tambach, mapaja yamekaza, pumzi imekatika. Nikaketi juu ya jiwe. Mama mmoja muuza maembe akaniangalia, akanimenyea embe bila kuombwa, akanipa na maji.

"Asante, mama," nikamwambia. "Nangoja lori linibebe."

"Lori litakuja, kijana," akasema. "Lakini miguu hiyo ni yako, na lori ni la watu. Kunywa maji kwanza, halafu uiulize tena."

Niliiuliza tena. Sehemu mbili nilisukuma baiskeli kwa mkono, sehemu zilizobaki niliendesha, na nilipofika Iten jua lilikuwa limeelekea magharibi. Tangu siku hiyo sijawahi kumwambia mtu kwamba kushuka na kusukuma ni kushindwa. Anayesukuma baiskeli mlimani bado yuko njiani.

Sasa sikiliza namna ya kupanda, kwa kuwa hapa ndipo wengi wanapojiumiza bure. Anza na gia nyepesi kuliko ile unayodhani unaihitaji. Nusu saa ya kwanza ujione unakwenda polepole mno. Wanaokupita hapo utawakuta juu, wameinama kwenye usukani. Usisubiri njaa ndipo ule, na maji uyanywe funda moja moja njia nzima, yakiwa na chumvi kidogo na sukari. Kumbuka kwamba kwenye urefu wa Iten kila pumzi inakuletea oksijeni iliyopungua kwa takriban robo ukilinganisha na Mombasa. Kwa hiyo mapafu yako yakilalamika karibu na juu, hayadanganyi, wala hayakuvunjii heshima. Punguza mwendo, tuliza mabega, pumua kutoka tumboni, endelea.

Wapo watakaokuambia kwamba ukuta huu wa bonde, uitwao Elgeyo, Mungu aliuumbia wakimbiaji, na kwamba baiskeli ni za Wazungu. Nauchukia usemi huo kwa moyo wangu wote. Mtazame Biniam Girmay, mwendesha baiskeli wa Eritrea. Ametoka Asmara, mji ulio mita 2,300 hivi juu ya bahari, karibu sawa na Iten, na kutoka huko barabara inaporomoka kona baada ya kona hadi Massawa kwenye Bahari ya Shamu. Mwaka 2024 alishinda hatua tatu za Tour de France na kuondoka na jezi ya kijani, ile ya pointi. Waeritrea hawana hewa ambayo sisi hatuna. Walichofanya ni kuipenda baiskeli vizazi na vizazi, hadi mtoto akiiona barabara ya mlima anauliza ataipandaje.

Na sisi tumeshaanza. Mkenya mwenzetu Suleiman Kangangi alimaliza wa tatu kwenye Tour du Rwanda mwaka 2017, akaja kuwa nahodha wa timu ya baiskeli ya Team Amani, akawavuta vijana wa Afrika Mashariki nyuma yake hadi alipofariki akiwa mashindanoni Vermont, Marekani, Agosti 2022. Bado naumia nikilitaja jina lake. Miaka mitatu baadaye, Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifika Afrika kwa mara ya kwanza, jirani yetu Kigali. Wanaume walikimbizana kilomita 267.5 juu ya vilima vya Rwanda, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Mshindi alikuwa Tadej Pogačar. Watoto wa Kigali waliojaa kando ya barabara waliona kwa macho yao kwamba mabingwa wa dunia nao huishiwa pumzi, nao huachwa, nao hushuka baiskeli.

Usiniambie basi kwamba baiskeli yako ni nzito au ya zamani. Magharibi ya nchi hii tuna wazee waliobeba magunia na abiria kwa baiskeli ya chuma iitwayo Black Mamba, isiyo na gia hata moja. Bodaboda yenyewe ilizaliwa mpakani Busia juu ya kiti cha nyuma cha baiskeli kama hiyo. Baiskeli yako mpelekee fundi wa mtaani, aangalie breki, cheni na spoki, abadilishe tairi lililolika. Beba tyubu ya akiba, pampu, viraka. Breki ndizo nisizokubali ubahatishe. Kama hazishiki vizuri, ahirisha safari.

Chebloch usipite bila kusimama. Mto umebanwa ndani ya korongo jembamba la mwamba, na vijana wa hapo huruka kutoka juu hadi kwenye maji ya mto wenye mamba. Sikwambii uruke. Watazame tu jinsi kijana anavyotulia ukingoni, anavyopima kina kwa macho, na jinsi mwili wake usivyotetemeka tena mara anapokwisha kuamua. Kisha panda baiskeli yako, vuka daraja, ukabiliane na Kabarnet.

Ukiizoea njia hii utataka nyingine. Kutoka Biretwo unaweza kufuata bonde kwenda kusini hadi Kimwarer, palipochimbwa madini ya floraiti miaka mingi, kisha ukapanda kwenda Nyaru. Huko hakuna magari mengi na mlima hauna huruma. Kaskazini, kuelekea Tot, bonde ni zuri kupita kiasi na mifereji ya Wamarakwet ya kumwagilia mashamba imedumu karne kadhaa, lakini wizi wa mifugo umewaliza watu wengi upande huo. Usiende bila kuuliza wenyeji, na wakikwambia rudi, rudi. Wakati wa mvua kubwa pia, ukuta huu huporomoka na umeshaua. Subiri udongo ukauke.

Basi, Jumamosi hii. Ijumaa jioni ugali wa kutosha, maziwa ya mursik kama tumbo lako limeyazoea, tairi zimejazwa upepo, chupa mbili za maji, ndizi nne mfukoni, simu ina chaji. Tafuta mwenzako mmoja, mwanamke au mwanamume, atakayekubali kukungoja na utakayekubali kumngoja. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi muwe ukingoni mwa bonde. Mkisikia nyayo za wakimbiaji nyuma yenu, wapisheni wapite, kisha geuzeni usukani upande wa mashariki.