Moshi wa Murara

Mwanafunzi wa leo apata habari nyingi kwa simu kuliko kwa kitabu. Twamfundishaje kuzipima?

Tukumbuke mwaka 2021. Tarehe 22 Mei mlima Nyiragongo ulitapika moto. Siku tano baadaye gavana wa kijeshi akaamuru watu wahame mitaa 10 kati ya 18 ya Goma, kwa hofu ya mlipuko mwingine. Maelfu wakashika njia ya Sake, magodoro kichwani, simu mkononi. Tarehe 29, simu zile zikaleta neno jipya: mlima mdogo wa Murara nao umelipuka! Neno hilo halikutoka kwa mlevi wa sokoni, bali kwa serikali yenyewe. Kisha wataalamu wakaruka kwa ndege juu ya mahali pale, wasione moto. Kumbe ulikuwa moshi wa wachoma makaa.

Basi moshi ulikuwako kweli. Macho hayakudanganyika, kosa lilikuwa katika jina tulilompa moshi ule. Kwa hiyo mwalimu asianze kuuliza, "Waamini habari hii?" Aulize: Nani aliona? Alisimama wapi? Aliona nini hasa, na nini ameongeza mwenyewe? Picha hii ni ya lini? Maana picha ya moto wa Januari 2002 yaweza kuzunguka tena kana kwamba ni ya jana.

Wako wanaosema: heri kutosadiki lolote. Hatukubali. Asiyesadiki lolote atakaa nyumbani hata siku moto unaposhuka kweli. Tena serikali ile ile ilikiri kosa lake, jambo ambalo wengi wetu wenye simu hatulifanyi.

Lakini liko swali zito zaidi. Mtu aliyewapelekea ndugu zake habari ya Murara kwa kuwahurumia, je, alivunja amri ya nane? Twaona hakuwa mwongo, kwani mwongo ajua kwamba asema uongo. Hata hivyo alishuhudia jambo asiloliona, na mama mwenye mtoto mgongoni aweza kukimbia usiku kwa ushahidi huo. Angeweza kuandika, "Nimeambiwa Murara umelipuka, mimi nimeona moshi tu." Maneno hayo yangewaonya ndugu vile vile. Na alipojua kwamba ni makaa, ilimpasa kuwaandikia tena wale wale, hata kwa haya.